Shajara ya mradi: dirisha la kusomea daftari la Babu

Jumamosi usiku

Mafaili yamefika. Daftari la Babu, lile la hesabu za boriti alizokuwa akipakiza Lamu kwenye majahazi ya Ghuba, limeskaniwa lote: picha 38, kila moja ni kurasa mbili zilizofunguliwa pamoja kwa ukubwa wa A3, nukta 600 kwa kila inchi. Duka la kwanza walinirudishia picha za nukta 150, zimebanwa hadi wino umekuwa ukungu, ikabidi nilipe mara ya pili kwengine. Hizi za sasa ni safi. Ukisogea karibu unaona hata nyuzi za karatasi.

Msomaji ni Shangazi. Kwetu ndiye aliyebaki anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu bila kusita, kwa sababu wakati wake barua zote za nyumbani ziliandikwa hivyo. Daftari lenyewe halishikiki tena. Wino umepauka, na pembe za karatasi zinamomonyoka kila zinapoguswa. Nataka alisome kwenye laptopu yake, akiwa amekaa pale pale kwake Kibokoni, na daftari libaki ndani ya kitambaa chake.

Nimepiga hesabu kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Kila picha ina pikseli 9921 kwa upana na 7016 kwa kimo. Skrini ya Shangazi ni 1366 kwa 768. Ndani ya picha moja kuna skrini 66 kama yake. Programu za kutazama picha zilizokuja na kompyuta huipunguza picha nzima mpaka ienee dirishani, na kwa picha ya harusi hilo halina ubaya. Kwa maandishi haya ni kuyaua. Nukta ya kalamu ya Babu ina upana wa nusu milimita hivi, yaani pikseli 12. Ukiibana picha mara tisa, nukta hiyo inabaki pikseli moja na ushee, tena imeshachanganyika na rangi ya karatasi. Na katika maandishi haya nukta ndiyo herufi. Kijino ni kile kile: kikiwa na nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, moja juu ni nuni, mbili chini ni ye. Nukta ikipotea, neno limepotea.

Basi ninachotaka ni dirisha moja linaloonyesha sehemu ya picha kwa ukubwa wa kusomeka, picha isogezwe pande zote nne, na kila ukurasa ufunguke juu kulia, kwa sababu huko ndiko mstari unakoanzia. Programu nilizojaribu ukizikuza hukutupa katikati ya picha, na ukienda faili linalofuata zinabana upya. Msomaji anapoteza mstari kila mara.

Nimechagua lugha ya Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha. Tkinter husimama juu ya Tk, kazi ya John Ousterhout ya mwaka 1991, na ukisakinisha Python kwenye Windows inakuja nayo. Hilo lina uzito kwangu kwa sababu nyumbani kwa Shangazi hakuna intaneti. Kitu cha ziada ni kimoja tu, maktaba ya Pillow, maana Tk 8.6 yenyewe inafungua PNG na GIF lakini JPEG haiijui. Nitaibeba kwenye fleshi.

Jumapili

Asubuhi nzima imekwenda kwenye dirisha jeupe. Programu inafunguka, hakuna ujumbe wa kosa, na picha haipo.

Sababu niliipata baada ya chai. Nilikuwa nimeitengeneza picha ndani ya funksheni na kuiweka kwenye jina la humo humo ndani. Funksheni ilipomalizika, Python ikaona hakuna tena anayeishika ile picha, ikaifuta, na Tk nayo ikabaki na nafasi isiyo na kitu. Kanvasi, ule uwanja wa kuchorea ndani ya dirisha, haikushikii picha. Inakumbuka jina lake tu, na kuishika ni kazi yako. Dawa ni kuiweka mahali itakapoishi muda wote dirisha linapoishi:

```
self.picha = ImageTk.PhotoImage(self.asili)
self.kitu = self.kanvasi.create_image(0, 0, image=self.picha, anchor="nw")
```

Lile neno la mwisho, `anchor="nw"`, ni funzo la pili la leo. Usipolitaja, kanvasi huchukulia kwamba 0, 0 ni kitovu cha picha. Robo tatu za ukurasa zikawa nje ya dirisha, juu na kushoto, na mimi nikatazama robo ya chini kulia nikidhani duka limekata picha.

Kisha miambaa ya kusogeza. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo naandika kwa utulivu. Mwambaa na kanvasi ni vitu viwili visivyojuana. Unavijulisha mara mbili, kila kimoja kwa mwenzake. Mwambaa unaambiwa: ukivutwa, iite `yview` ya kanvasi. Kanvasi inaambiwa: ukisogea, iite `set` ya mwambaa, ili kile kijiti cha pembeni kijue kikae wapi na kiwe kirefu kiasi gani. Ukiunga upande mmoja tu, ama mwambaa hausogezi kitu, ama picha inasogea na kijiti kimekaa kimya. Na bila `scrollregion` vyote viwili havina kazi, kwa sababu kanvasi haina mpaka, haijui ukurasa unaishia wapi.

```
mw = ttk.Scrollbar(fremu, orient="vertical", command=self.kanvasi.yview)
self.kanvasi.configure(yscrollcommand=mw.set,
                       scrollregion=(0, 0, upana, kimo))
```

Ule wa mlalo ni vivyo hivyo, kwa `xview`. Nimepanga kwa `grid`, na safu na mstari vya kanvasi nimevipa `weight=1`, la sivyo dirisha likipanuliwa kanvasi inabaki udogo wake na kuzungukwa na kijivu.

Mchana picha ilisogea. Niliivuta mpaka pembe ya mwisho ya chini kushoto, nikakuta alama ya kidole cha Babu, wino wa bluu, kwenye kona ambayo sijawahi kuiona miaka yote daftari liko nyumbani.

Jumatatu

Kwenye kompyuta yangu inakwenda. Nimeijaribu kwenye laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4 kama ya Shangazi, ikaanza kugota mara moja, na nilipofungua picha ya tatu mashine nzima ikaganda.

Faili la JPEG ni dogo kwa kuwa limekunjwa. Likifunguliwa, kila pikseli inadai baiti 4 upande wa Pillow: milioni 69.6 mara 4, karibu megabaiti 278. Tk nayo inatunza nakala yake kwa baiti 4 kila pikseli, megabaiti 278 nyingine. Zaidi ya nusu ya gigabaiti kwa picha moja, na macho ya msomaji yanaona sehemu moja kati ya 66.

Kwa hiyo nimeugeuza mpango wote. Picha kamili inabaki kwa Pillow peke yake. Kanvasi inapewa kipande kile tu kinachoonekana, kikubwa kama dirisha, na kila ikisogea kipande kinakatwa upya na kuwekwa pale msomaji alipo. `scrollregion` bado inatangaza ukubwa wa ukurasa mzima, hivyo miambaa inaamini ukurasa wote upo.

```
def chora(self):
    self.imepangwa = False
    k = self.kipimo
    x1 = max(0, self.kanvasi.canvasx(0))
    y1 = max(0, self.kanvasi.canvasy(0))
    x2 = min(x1 + self.kanvasi.winfo_width(), self.asili.width * k)
    y2 = min(y1 + self.kanvasi.winfo_height(), self.asili.height * k)
    kipande = self.asili.resize(
        (int(x2 - x1), int(y2 - y1)), Image.BILINEAR,
        box=(x1 / k, y1 / k, x2 / k, y2 / k))
    self.picha = ImageTk.PhotoImage(kipande)
    self.kanvasi.itemconfigure(self.kitu, image=self.picha)
    self.kanvasi.coords(self.kitu, x1, y1)
```

Ufunguo wa mbinu hii ni `canvasx` na `canvasy`. Unaziuliza: pembe ya juu kushoto ya dirisha iko wapi kwenye ukurasa? Zinakujibu kwa vipimo vya ukurasa. Na ile hoja ya `box` kwenye `resize` inakata na kubadili ukubwa kwa mkupuo mmoja, bila kutengeneza nakala kubwa katikati. Nakala ya Tk imeshuka hadi megabaiti 4 na kidogo.

Swali lililobaki lilikuwa: nani aiite `chora`? Msomaji anaweza kusogea kwa mwambaa, kwa gurudumu la kipanya, kwa kibodi, kwa kuvuta. Nilianza kuiita kutoka kila mahali, nikaona nitasahau mahali pamoja. Kumbe mlango ni mmoja tayari: kanvasi ikisogea kwa njia yoyote ile, huiita `yscrollcommand` au mwenzake wa mlalo. Nikaweka funksheni yangu hapo. Inaupa mwambaa habari zake, kisha inapanga `chora` kwa `after_idle`, yaani ifanyike mara programu ikipata nafasi, na alama ya `imepangwa` inazuia isipangwe mara kumi kwa msogeo mmoja.

Dirisha lilifunguka tupu tena, safari hii kwa sababu nyengine. Mchoro wa kwanza ulifanyika kabla dirisha halijatandazwa, na `winfo_width` wakati huo hujibu 1. Nimekata kipande cha pikseli moja. Sasa mchoro wa kwanza unasubiri tukio la `<Configure>`, ambalo huja dirisha linapopata ukubwa wake wa kweli, na huja tena kila likipanuliwa.

Jumanne

Fupi. Mwongozo mmoja wa zamani niliousoma ulitumia `Image.ANTIALIAS`, na jina hilo liliondolewa Pillow 10 ilipotoka mwaka 2023. Sasa ni `Image.LANCZOS`. Nimelinganisha njia tatu za kupunguza picha kwenye mstari mmoja wa Babu. `NEAREST` ni ya haraka kuliko zote lakini inatupa pikseli na kubakiza nyengine bila kuangalia kilichomo, na mkia mwembamba wa herufi ya re ukakatika vipande viwili. `LANCZOS` ni safi sana, ila ukivuta haraka laptopu ya zamani inachelewa nyuma ya mkono. `BILINEAR` ndiyo niliyobaki nayo.

Vipimo nimeweka vitatu tu: kamili, nusu, robo. Vinagawanyika bila kuacha desimali za kuhangaisha, na msomaji hahitaji asilimia 63.

Jumatano, kwa Shangazi

Nimekwenda baada ya alasiri. Shikamoo, marahaba, kahawa na kashata kwanza, kisha laptopu juu ya meza. Nimesakinisha Python na Pillow kutoka kwenye fleshi, nikafungua picha ya kwanza.

Akatazama, akanyamaza, akaniuliza, "Na hii ndiyo mwisho wa mstari. Mwanzo u wapi?"

Ukurasa ulikuwa umefunguka juu kushoto. Nilikuwa nimeandika `xview_moveto(1.0)` lakini nimeiandika juu ya mstari unaoweka `scrollregion`. Amri hiyo hupima kwa sehemu ya ukurasa mzima, na ukurasa ulikuwa bado haujatangazwa, kwa hiyo mwisho na mwanzo vilikuwa kitu kimoja. Nimebadilisha mpangilio wa mistari miwili pale pale, nikafungua tena. Basmala ikatokea juu kulia, na Shangazi akaisoma kwa sauti kabla sijasema kitu.

Kisha gurudumu la kipanya. Kwangu, kwenye Linux, gurudumu hufika kama vitufe: cha 4 ni juu, cha 5 ni chini. Yeye ana Windows, na huko hufika kama tukio la `<MouseWheel>` lenye namba ya `delta`, 120 kwa kila mzunguko mdogo. Programu yangu ilikuwa ikisikiliza vile vitufe tu, hivyo kwake hakuna kilichosogea. Sasa inasikiliza vyote. Tk 9.0 ya mwaka 2024 imeuondoa utengano huu, lakini Python iliyoko kwenye laptopu yake ina 8.6.

Kuvuta kwa kipanya ndiko kulikomtisha. Alibonyeza, akasogeza mkono upana wa kidole, na ukurasa ukatoroka wote. "Irudishe, mwanangu, imekimbia!" `scan_dragto` ina hoja ya mwisho inayosema picha isogee mara ngapi ya mkono, na usipoitaja ni mara 10. Nimeweka `gain=1`. Sasa karatasi iko chini ya kidole: ukiishika kwenye neno, unakwenda na neno hilo hilo.

Alichagua nusu. Kamili ni kubwa mno kwake kwa kusoma mfululizo, anaona maneno mawili matatu tu. Kwa nusu anaona mistari sita. Alisoma kurasa mbili hivi, kwa kidole kikifuata skrini, na mimi nikiandika. Majina ya miti ninayoyajua tangu utotoni yakatoka kwa mwandiko wa mtu ambaye sikuwahi kukutana naye: pau, mazio, boriti, nguzo. Kila kitu kimehesabiwa kwa korija, ishirini ishirini.

Alipofika ukingo wa kushoto wa ukurasa wa kulia, mwambaa ukaendelea kumpeleka ukurasa wa pili. "Mbona wanipeleka huku na huku bado sijamaliza?" Ana haki. Picha ni ya kurasa mbili, na mimi nimeifanya kitu kimoja.

Alhamisi

Nimezikata picha katikati ya mshono wakati wa kufungua. Kila picha inatoa kurasa mbili, wa kulia kwanza. Ukurasa mmoja sasa ni pikseli 4960 kwa 7016, na RAM nayo imepungua nusu.

Kuna karatasi moja iliyogundishwa mwishoni na kukunjwa, ndefu. Niliiskani mara mbili na kuiunga: 9921 kwa 14032, pikseli milioni 139. Pillow ikatoa onyo. Ina kikomo cha pikseli 89,478,485, kwa sababu mtu anaweza kutengeneza faili dogo likafunguka kuwa zigo la kuangusha kompyuta, na ukivuka mara mbili ya kikomo hicho inakataa kabisa kufungua. Sikukiondoa. Nimekipandisha hadi 150,000,000, kinatosha karatasi ile, na ulinzi umebaki.

Ijumaa, baada ya swala

Kitufe cha kusomea. Wazo limetoka kwa mkono wa Shangazi juzi: anasoma kutoka kulia, anafika ukingo wa dirisha, anasukuma kushoto, anamaliza mstari, kisha anarudi kulia na kushuka. Mstari mmoja unamdai misogeo mitatu. Nataka nafasi, kile kitufe kirefu cha kibodi, kifanye yote. Kikibonyezwa kinasogeza kushoto kwa sehemu 9 kati ya 10 za dirisha, ili neno la mwisho libaki likionekana ukingoni. Kama tayari uko ukingo wa kushoto, kinakurudisha kulia na kukushusha mstari mmoja.

Mistari ya Babu imepigwa kwa rula, milimita 9 kutoka mmoja hadi mwengine. Kwa nukta 600 kwa inchi hizo ni pikseli 212 na ushee, kwa nusu ni 106. Nilitumia kwanza `yscrollincrement`, nikaipa 106, nikafurahi kuona ukurasa unashuka mstari kwa mstari. Kisha nikajaribu kuvuta kwa kipanya na ukurasa ukawa unaruka, unasimama, unaruka. Mpangilio ule hauamui hatua ya vitufe peke yake. Unailazimisha kanvasi isimame kwenye mafungu ya 106 daima, hata mkono unapotaka kusimama katikati. Nimeurudisha 0 na kuhesabu mwenyewe:

```
def shuka_mstari(self):
    y = self.kanvasi.canvasy(0) + self.mstari * self.kipimo
    self.kanvasi.yview_moveto(y / (self.asili.height * self.kipimo))
    self.kanvasi.xview_moveto(1.0)
```

Vitufe havikusikika mpaka nilipoiita `focus_set` ya kanvasi. Kibodi humwendea aliyepewa zamu, na kanvasi haipewi zamu bila kuombewa.

Usiku nimeongeza kukuza pale kipanya kilipo. Kabla ya kubadili kipimo, unaandika pikseli gani ya ukurasa iko chini ya kipanya. Unabadili kipimo na `scrollregion`, kisha unasogeza mpaka pikseli ile ile irudi chini ya kipanya. Ni hesabu ya mistari minne, na ndiyo iliyonichukua muda kuliko vyote vya leo, maana nilikuwa nikigawanya kwa kipimo cha zamani na kuzidisha kwa cha zamani.

Jumamosi, kwa Shangazi tena

Leo nataka kuiandika kwa urefu.

Ami, Mungu amrehemu, aliwahi kulinakili daftari hili kwa herufi za Kirumi kwenye daftari la shule. Nakala yake ndiyo tuliyokuwa tukiitegemea. Kwenye ukurasa wa kumi kuna shehena ya jahazi moja lililongoja kusi. Ami ameandika: boriti korija sabini, mazio korija thelathini na tano, pau korija ishirini. Chini Babu ameandika jumla kwa tarakimu za Kiarabu, na jumla ni 145. Hesabu ya Ami inatoa 125. Pembeni ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, na sote tumekuwa tukisema Babu alikosea kujumlisha siku hiyo.

Shangazi alifika pale kwa kitufe cha nafasi, mstari kwa mstari, akasimama. "Hapa pana neno."

Sabini na tisini zikiandikwa kwa Kiarabu hufanana mno. Zote mbili zina meno manne mfululizo, kisha aini, kisha kijino, kisha nuni. Katika sabini, meno matatu ya kwanza ni sini na la nne ni be, nukta moja chini yake. Katika tisini, jino la kwanza ni te, nukta mbili juu, na matatu yanayofuata ni sini. Kwa nusu tuliona doa jeusi chini ya jino la nne. Juu ya jino la kwanza tuliona kitu kama mkwaruzo.

Nikamwambia aweke kipanya juu ya doa na abonyeze kukuza. Ukurasa ukafunguka kwa ukubwa kamili, doa likabaki pale pale chini ya mshale. Kwa ukubwa huo doa halina wino. Kingo zake zimechanika, nyuzi za karatasi zimechomoza kuelekea ndani, na weusi wake ni wa ubao uliowekwa nyuma ya karatasi wakati wa kuskani. Ni tundu la mdudu. Tukatembea kulia mpaka jino la kwanza. Ule mkwaruzo una mwanzo mzito na mwisho mwembamba, rangi ile ile ya hudhurungi ya herufi, na kalamu imetua upande ule ule inakotua kwengine kote. Shangazi akanionyesha te nyengine tatu kwenye ukurasa huo huo. Babu hakuwa akiweka nukta mbili mbali mbali, alikuwa akizivuta pamoja kwa kistari kimoja kifupi.

"Tisini," akasema. Tisini na thelathini na tano na ishirini, 145.

Alilitazama neno hilo muda mrefu. Kisha akaomba kalamu, akafungua nakala ya Ami, na pembeni ya ile alama ya kuuliza akaandika tisini, kwa herufi za Kiarabu, na nukta mbili akazitenganisha waziwazi.

Jumatatu

Ombi lake la mwisho: akifunga kompyuta kwa ajili ya adhuhuri, akirudi asianze upya kutafuta. Dirisha likifungwa, programu sasa inaandika kwenye faili dogo namba ya ukurasa, kipimo, na thamani za kwanza za `xview` na `yview`. Ikifunguliwa inazirudisha, baada ya `scrollregion` kuwekwa, funzo la Jumatano. Kwa kuwa thamani hizo ni sehemu ya ukurasa na si pikseli, pembe ya juu kushoto inarudi pale pale hata dirisha likifunguliwa kwa ukubwa mwengine.

Nimepeleka toleo jipya asubuhi. Saa nane amenipigia simu: ukurasa wa kumi na moja, mstari wa tatu, umefunguka pale alipouacha, na kuna jina la nahodha ambalo anataka nije nilione.